Korido Isiyo na Kibali

Jumatatu, 3 Machi

Siku kumi na moja zimebaki. Ijumaa ya wiki ijayo kipindi changu cha majaribio kinaisha, na kitengo cha vibali vya filamu kitathibitisha karani mmoja. Mmoja tu! Tuko wawili, mimi na Rula. Tunamwita Rula kwa sababu hapigi mstari bila rula, hata mstari wa kufuta kosa. Mimi wananiita Bwana Tahadhari. Sijali. (Najali.)

Asiyethibitishwa anarudi nyumbani. Mimi nyumbani ni kwa dada, nalala sebuleni, na shemeji ameshanitafutia nafasi nyingine endapo hii itakwama: karani wa chumba cha maiti, hospitali kuu. Anasema kule hakuna makelele. Mungu apishe mbali.

Leo nimepewa kazi mbaya. Kampuni iliyopiga filamu mjini kwetu mwaka jana imeleta nakala. Kabla haijaruhusiwa kuonyeshwa, karani lazima aitazame yote, aorodheshe kila jengo na kila mtaa unaoonekana, na mbele ya kila mahali aandike namba ya kibali. Nimeuliza kama ni filamu ya mapenzi. Mkuu wetu, Mama Muhuri, amejibu kuwa ni ya kutisha, tena vibaya sana, akanikabidhi huku anatabasamu.

Nimeitazama kwenye stoo ya karatasi. Taa inawaka, mlango wazi, kiganja usoni. Hadithi yenyewe: mwanamke anatafuta chumba cha kupanga. Basi. Hakuna jini, hakuna damu. Kinachotisha ni mji. Mji wangu mwenyewe! Ngazi za mahakama, ninazopita kila asubuhi nikitafuna karanga, zimepigwa kutoka chini mpaka zinaonekana hazina kikomo. Maegesho ya magari yamekuwa pango. Jengo la posta, lile lenye paka wawili wavivu, limesimama nyuma ya yule mwanamke kama mtu anayesubiri zamu yake ya kusema.

Halafu uongo! Anaingia posta, anatokea ua wa hospitali. Kilomita nne! Anafungua dirisha la hoteli, anaona mto, na hoteli ile inatazamana na karakana ya matairi. Nimeandika yote, nikaanza hata kufurahia. Mahali arobaini na moja. Nikahesabu vibali. Arobaini.

Nikarudisha nyuma. Pengo ni hili: mwanamke anapanda ngazi za jengo letu hili la manispaa. Nazijua, kipandio cha tano kimemeguka. Anapita ghorofa ya kwanza. Ya pili. Anapita ya tatu, mbele ya mlango wa ofisi yetu, ule wenye kibandiko cha kuomba watu waufunge. Anaendelea kupanda. Anatokea kwenye korido ndefu yenye milango saba ya kijani.

Jengo letu lina ghorofa tatu. Juu yetu kuna matangi mawili ya maji na njiwa wasio na idadi.

Nimezima. Nimefunga stoo. Nimerudi kuifungua kwa sababu nilisahau kuzima taa. Nimefunga tena, haraka.

Jumanne, 4 Machi

Sikulala. Shida ni hii. Mahali pasipo na kibali pakionekana kwenye filamu, anayejibu ni karani aliyesimamia upigaji picha siku hiyo. Siku ya ngazi, msimamizi alikuwa mimi. Fomu yangu ipo kwenye jalada: "Nilikuwepo muda wote." Sikuwepo. Mwigizaji alikuwa amepakwa unga mweupe usoni. Nikashuka nikakaa ndani ya gari la ofisi, vioo juu, saa tatu nzima, mpaka wakafungasha. Kama kuna korido waliyoingia, waliingia bila mimi.

Nimepima. Kutoka mlango wetu, ngazi zinapanda vipandio vinne zaidi, halafu ukuta. Kwenye ukuta kuna ngazi ya chuma, na juu yake kifuniko cha kutokea paani. Nimegonga ukuta. Umelia kama ukuta. Rula akatokea nyuma yangu, akauliza, "Ndugu yangu, unabisha hodi kwa nani?" Nikasema nakagua unyevu. Akatoa kidaftari chake, akaandika kitu, akakipigia mstari. Kwa rula!

Nimemwuliza Mama wa Usafi, anayedeki jengo hili tangu mimi sijazaliwa, kama amewahi kusikia habari za ghorofa ya nne. Alicheka mpaka akaegemea fagio. Akasema, "Mwanangu, huko juu kuna njiwa tu. Nenda kawape kibali na wao."

Nilisimama palepale. Kawape kibali. Mbona rahisi!

Jumatano, 5 Machi

Mpango hauna dosari. Najaza kibali cha arobaini na moja kwa tarehe ya mwaka jana. Nakiingiza kwenye jalada. Nanyamaza.

Kikwazo kimoja: kibali hakipokelewi kama mahali penyewe hapamo kwenye Daftari la Majengo, lile kubwa la jalada jeusi ambamo kila chumba cha manispaa kimeandikwa. Nimeliazima. Ukurasa wetu una mstari mmoja mtupu chini ya ghorofa ya tatu. Mmoja tu, kama umeachwa makusudi. Nikaandika: "Ghorofa ya nne. Korido moja. Milango saba, rangi ya kijani." Mwandiko umetoka vizuri.

Mama Muhuri alikuwa kwenye simu, anagombana na mkwewe. Akigombana na mkwewe hasomi kitu. Nikaweka kibali mbele yake, gonga. Nikaweka daftari, gonga. Nilirudi mezani kwangu nikitembea kama mtu ambaye ameshathibitishwa.

Alhamisi, 6 Machi

Balaa.

Kibali kinataka pia sahihi ya mwongozaji wa filamu. Nikamfuata. Ofisi yake ni chumba kimoja chenye mapazia mazito na skrini mbili. Yeye ni mtu mfupi aliyevaa kandambili. Akauliza korido gani. Nikamwonyesha. Alicheka mpaka akavua miwani. Akasema, kijana, hiyo ni mbao! Waliijenga ndani ya ghala. Mwanamke alipofika kwenye kona ya mwisho ya ngazi zetu wakakata picha; hatua yake iliyofuata aliipiga baada ya wiki tatu, juu ya mbao. Mtazamaji akiona mtu ametoka mlango huu na kuingia ule, ukuta wa katikati anaujenga mwenyewe kichwani, wala haulizi ramani. Akasema mji wa filamu hujengwa kwa mkasi, si kwa saruji. Ilionekana ameshawaambia wengi. Halafu akaongeza jambo ambalo natamani asingeliongeza: kwamba walizunguka mji mzima kutafuta jengo, wakachagua letu kwa sababu lilikuwa limekaa kama linaficha ghorofa.

Nikauliza, kitu kilichojengwa ndani ya ghala kinahitaji kibali? Akasema mimi ndiye karani. Hakihitaji. Ni kanuni yetu wenyewe, ya tisa. Niliikariri kwenye usaili!

Kwa hiyo hapakuwa na kosa. Sasa yako mawili, na yote kwa mwandiko wangu.

Nikapitia ghalani nijiridhishe. Fundi seremala akanionyesha milango imeegemezwa ukutani, kijani kinabanduka. Nikahesabu sita. Nikauliza wa saba uko wapi. Akasema yeye ametengeneza sita, na kama nautaka wa saba nimtafute aliyeutengeneza. Akarudi kupiga randa.

Nimeingia tena stoo, nimetazama. Saba. Ule wa mwisho haujafungwa vizuri. Umeachwa wazi upana wa mkono.

Nikakimbilia Daftari la Majengo nifute ule mstari. Halipo! Limetoka kwenda kunakiliwa kwa idara zote, kama kila mwaka. Aliyelibeba ni Rula, tena alijitolea.

Jumapili, 9 Machi

Dada ameniuliza mambo ya kazini yanakwendaje. Nikasema vizuri sana. Akasema, mdogo wangu, ukisema vizuri sana huwa naanza kufunga mizigo. Shemeji, bila kutoa macho kwenye mpira, akanikumbusha kwamba chumba cha maiti wananisubiri. Lugha gani hiyo!

Nikatoka kutembea. Kosa. Macho yangu yameharibika. Siwezi tena kuona mtaa, naona mahali ambapo kamera ingekaa. Kichochoro cha nyuma ya shule kilikuwa kichochoro. Leo kina upande unaotazama na upande unaotazamwa. Madirisha ya benki yananirudisha mara kumi na mbili, na mmoja kati ya wale kumi na wawili nina hakika alichelewa kugeuka. Kwenye kila kona nilishika ukuta kwanza, nisije nikapiga hatua na kutokea kwingine. Nimefungua mlango wa duka la mikate kwa macho yaliyofumbwa. Nilipofumbua nikaona mikate, nikamshukuru muuzaji kwa moyo wote. Ameniuliza kama naumwa.

Jumatatu, 10 Machi

Nakala za daftari zimefika idara zote. Asubuhi wamekuja watu wa zimamoto na mitungi saba ya kuzimia moto. Ya ghorofa ya nne! Nikawafuata kwenye ngazi nikiwaambia hakuna haja, hakuna haja. Mkaguzi wao akasema vijana wa siku hizi tunadharau moto. Nikarudi mezani kusubiri wagonge ukuta, wacheke, waondoke, na mimi niondoke nao.

Wameshuka baada ya nusu saa. Mikono mitupu. Kwenye fomu ameandika: "Imekaguliwa. Inafaa."

Tulia. Nawajua watu. Wameficha mitungi mahali, wakasaini. Jengo zima hili watu wanasaini wasichokiona, na hakuna anayelijua hilo kuliko mimi.

Alasiri Mama wa Usafi amepita na ndoo. Maji meusi tii. Akanilalamikia: "Mwanangu, vumbi la kule juu! Halafu wamenipa ndoo moja, korido yote ile." Nikamwambia, mama, si wewe uliyesema kuna njiwa tu? Akanitazama kama nimemvunjia heshima. Akasema, hiyo ilikuwa wiki iliyopita.

Nimekunywa maji glasi nne.

Jumanne, 11 Machi

Rula ametumwa kupeleka majalada ya zamani ghorofa ya nne. Alikwenda saa mbili, akarudi saa tano, amenawiri kama aliyetoka likizo. Anasema kule kuna hewa, kuna utulivu, na dirisha la mwisho linatazama mto. Nikamwambia hakuna dirisha mji mzima huu linalotazama mto, hilo liko kwenye filamu tu. Akasema, "Panda uone, Bwana Tahadhari. Au miguu imeomba ruhusa?" Mama Muhuri akacheka mpaka akaweka simu chini. Rula ameshachagua meza. Ya dirishani.

Nakiri hapa, kwa kuwa hapa hasomi mtu: kwa nusu saa sikuogopa kabisa. Niliona wivu. Meza ya dirishani! Mimi natazamana na bomba la choo.

Kisha likanijia. Rula akihamishiwa ghorofa ya nne moja kwa moja, si karani wa kitengo chetu tena. Nafasi ya kitengo itabaki na nani? Nimeandika barua ya uhamisho, "kwa manufaa ya kazi", sentensi tatu safi. Mkwe wa Mama Muhuri akapiga simu saa nane. Gonga.

Wanaoniita mwoga hawajui ninavyofanya kazi.

Jumatano, 12 Machi

Rula amehama asubuhi na sanduku lake. Nilimshikia mlango, nikamtakia heri. Akanishukuru, na nadhani alimaanisha. Nikasikiliza hatua zake zikipanda. Kutoka mlango wetu mpaka ukutani ni vipandio vinne. Nilihesabu kumi na nane. Baada ya hapo akatembea kwenye sakafu bapa, muda mrefu, kwa mwendo wa mtu asiye na haraka.

Saa saba hakushuka kula. Saa tisa na nusu simu ya mezani ikalia, laini ya ndani, namba isiyomo kwenye orodha. Rula. Sauti ilikuwa karibu mno, kama anaongea akiwa ndani ya kikombe. Amesahau rula yake kwenye droo, anaomba nimpelekee. Nikasema lifti imeharibika. Jengo letu halina lifti. Akasema basi, atamtuma mtu aifuate. Nikauliza mtu gani, si uko peke yako huko? Akakata.

Nikafunga droo kwa ufunguo. Nikaenda nyumbani kabla ya saa kumi, kwa mara ya kwanza tangu niajiriwe.

Alhamisi, 13 Machi

Droo imefungwa kama nilivyoiacha. Ndani hakuna rula.

Imetosha! Mimi ni mtu msomi. Saa sita mchana, jua kali, nimepanda ngazi ya chuma, nimesukuma kifuniko, nimetokea paani. Matangi mawili. Njiwa. Mbingu. Hakuna ghorofa! Nikacheka kwa sauti, nikawaambia njiwa waziwazi kwamba sote tumedanganywa na seremala na mkasi.

Chini ya viatu vyangu mtu akasogeza kiti.

Halafu mlango ukafungwa. Ukafungwa mwingine, kwa upole, mbele kidogo, kisha mwingine, na mwingine. Nikajiambia ni ofisi yetu, iko chini yangu, Mama Muhuri anapanga samani. Nikashuka. Ofisi imefungwa, Mama Muhuri yuko mkutanoni, ufunguo uko mfukoni mwangu. Nilikuwa nimesikia milango sita. Nimekaa mezani alasiri nzima nikiusubiri wa saba, kama mtu aliyeshikwa na chafya isiyotoka.

Haukufungwa.

Ijumaa, 14 Machi

NIMETHIBITISHWA!

Barua imekuja saa tatu. Nimesoma aya ya kwanza nikiwa nimesimama. Nikampigia dada. Akapiga vigelegele mpaka shemeji akasikika akiuliza nani amefariki. Nimeahidi kuwaachia sebule yao ndani ya mwezi mmoja.

Halafu nikasoma aya ya pili. Kuanzia Jumatatu kituo changu cha kazi ni ghorofa ya nne.

Nikaingia kwa Mama Muhuri, nikamwambia nashukuru sana mama, ila afya yangu na ngazi. Akasema, kwani si wewe uliyeiingiza kwenye daftari? Ameuona mwandiko wangu. Anasema kamati imenichagua kwa sababu hiyohiyo: karani aliyeona nafasi mahali ambapo wenzake hawakuona kitu kwa miaka thelathini. Rula ataendelea kukaa hukohuko, amezoea. Amenipa mkono. Wake ulikuwa wa moto, wangu wa barafu.

Nikikataa, ni chumba cha maiti. Nikikubali, sijui ni chumba gani. Nimekaa chooni dakika ishirini nikifikiri. Nimetoka na jawabu.

Hofu yangu ilikuwa ya kijinga. Kama kalamu yangu ndiyo iliyofungua huko juu, kwa nini isifungue mahali pazuri zaidi? Daftari la Majengo limerudi. Nimefungua ukurasa wetu. Juu ya mstari wa ghorofa ya chini kulikuwa na mstari mwingine, mtupu. Wiki iliyopita sikuuona, lakini wiki iliyopita nilikuwa na wasiwasi. Nikaandika: "Chumba cha chini ya ardhi. Kidogo, kikavu, taa mbili. Mlango mmoja. Meza moja. Karani mmoja." Nikajaza fomu ya kubadilisha kituo cha kazi. Mkwe alikuwa kwenye laini. Gonga, gonga. Nani atapanda ngazi sasa? Si mimi! Nilikula chakula cha mchana kwa hamu.

Saa tisa Mama wa Usafi amepita na ndoo. Amesema chumba kipya cha chini ameshakideki, hakina shida, kidogo, kikavu, taa nzuri. Shida ni kudeki kuzunguka miguu ya yule karani aliyeko. Nikauliza karani gani. Akasema yupo tangu asubuhi, anaandika, "mnafanana kama pacha, mwanangu, ila mwenzako haogopi. Amenisalimia vizuri."

Kisha damu ikapanda kichwani. Chumba nimekiandika mimi! Meza ni moja, karani ni mmoja, na barua ya kuthibitishwa ninayo mimi, iko hapa, ina muhuri. Mtu hawezi kujiingilia tu mahali pa watu kwa sababu ana adabu.

Nimeandika barua ya kumhamishia ghorofa ya nne mara moja, kwa manufaa ya kazi. Nilikwama kwenye jina tu, maana simjui. Nikamwita Mama wa Usafi, nikamwuliza. Akasema kwenye kibao cha mezani kwake limeandikwa jina langu. Basi nimeandika hilohilo, majina yote matatu, bila kosa hata moja. Mama Muhuri yuko kwenye simu. Nampelekea sasa hivi.